Mtoko wa Ghafla wa Mke na Mume Bila Watoto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mke na mume wenye watoto ambao wamepata siku moja ya kwenda kutembea wakiwa wawili tu, au wanaitafuta na haipatikani. Hatuzungumzii fungate ya pili wala safari ya kulala. Ni kutoka asubuhi, kuona mahali, na kurudi jioni. Maswali yanayowasumbua wengi yamejibiwa kwa kirefu. Mengine yamepata mstari mmoja kwa kuwa hayahitaji zaidi.

Kama ni mtoko wa ghafla, mbona kuna mambo mengi ya kujiandaa?

Kwa sababu ughafla ni wa safari, si wa watoto. Mtoto wa miaka minne hafurahii hata kidogo kuamka na kukuta mipango ya siku yake imepinduliwa. Basi upande wa watoto huandaliwa mapema, hata kabla hamjawa na tarehe: mlezi anajulikana, watoto wameshamzoea, karatasi ya maelekezo imeandikwa na iko kwenye droo. Upande wa safari ndio unaoachwa wazi. Mambo yakiwa hivyo, Ijumaa usiku mmoja wenu akiuliza, "Kesho tutoke?", mwenzake ana uwezo wa kujibu ndiyo.

Wengi hufanya kinyume. Safari inachambuliwa kwa miezi, suala la watoto linaahirishwa hadi siku mbili kabla, na safari inafia hapo hapo.

Si ubinafsi kuwaacha watoto ili sisi tukastarehe?

Hapana. Mara nyingi anayeuliza hivi hajakaa peke yake na mwenzake tangu mtoto wa kwanza azaliwe, ndiyo maana hata wazo lenyewe linamjia kama hatia.

Faida yake imewahi kupimwa. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake, huko Marekani, walichapisha majaribio ambamo baadhi ya wenzi walifungwa pamoja mkononi na mguuni, wakatambaa juu ya magodoro ya mazoezi huku wakiwa wamebana mto kati yao bila kuushika kwa mikono. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika 7. Waliofanya kituko hicho walitoka wakiridhika zaidi na uhusiano wao kuliko waliopewa kazi ya kawaida isiyo na msisimko. Kabla ya hapo, mwaka 1993, utafiti mwingine ambao Aron alishiriki uliwafuatilia wenzi kwa wiki 10, saa moja na nusu kila wiki. Waliofanya mambo ya kusisimua pamoja waliongezeka kuridhika kuliko waliofanya mambo ya kupendeza tu.

Mimi nalichukua hili kama ushauri wa mahali pa kwenda. Pengine mna sehemu yenu nzuri mliyoizoea, mnaijua hadi kiti mtakachokalia. Iacheni kwa siku hiyo. Nendeni msikokujua, hata kama ni kijiji kidogo chenye daraja la zamani na hakuna kingine.

Mtoto awe na umri gani ndipo tuweze kumwacha kutwa?

Hakuna umri mmoja unaowafaa wote. Kipindi kigumu kwa watoto wengi huanza karibu na miezi 8 na kuendelea hadi mwaka mmoja na nusu hivi, mtoto anapokuwa ameshatambua kwamba mzazi akitoka yuko mahali pengine, lakini bado hana hesabu ya muda ya kumtuliza. Hivyo wa miezi 4 anaweza kukaa kwa amani kuliko wa miezi 14, jambo linalowashangaza wazazi wa mtoto wa kwanza. Kama wenu yuko katika kipindi hicho, fupisheni safari iwe ya nusu siku, na mlezi awe mtu aliyemzoea.

Kwa anayenyonya, maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa kwa muda usiozidi saa 4 kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25 za Selsiasi, na hadi siku 4 kwenye friji. Chumba kikiwa na joto zaidi ya hapo, yaingie kwenye friji mara tu yanapokamuliwa. Anayesahaulika ni mama mwenyewe. Matiti hayana habari kwamba leo kuna matembezi. Saa za kunyonyesha zikipita bila kukamua, yanajaa, yanauma, na raha yote inaishia hapo. Beba pampu ya mkono, na ulizeni mahali pa faragha mara mnapofika, si maumivu yakishaanza. Huo mfuko wa pampu na chupa aubebe baba.

Tumwachie nani?

Mtu ambaye amewahi kukaa na watoto hao hao kwa muda usiopungua nusu ya ule mnaotaka kuondoka. Kigezo hiki kinautangulia udugu. Bibi anayewapenda wajukuu lakini hawezi tena kumkimbilia wa miaka miwili ni mlezi mzuri wa saa tatu. Kumwachia kutwa ni kumwonea. Shangazi mwenye nguvu ambaye watoto humwona mara moja kwa mwaka naye anahitaji siku moja ya majaribio kwanza, nyinyi mkiwa hapo hapo nyumbani.

Iko njia nyingine ambayo sijui kwa nini wazazi hawaitumii zaidi: kubadilishana na familia yenye watoto wa rika moja na wenu. Jumamosi hii wao wanawachukua wenu, Jumamosi nyingine nyinyi mnawachukua wao. Hakuna anayemlipa mwenzake, hakuna fadhila inayobaki ikidaiwa, na watoto wenyewe wanaona wamepata sherehe. Sharti ni kuelewana kabla juu ya yale madogo yanayovunja ujirani: televisheni na simu kwa muda gani, usingizi wa mchana upo au haupo, na mtoto akikosea anaonywa vipi na nani.

Mtoto wetu mkubwa ana miaka 12. Awaangalie wadogo zake?

Kwa kutwa nzima, hapana. Sheria hutofautiana nchi na nchi, lakini hata pale zinaporuhusu, huo ni mzigo wa mtu mzima. Kwa dakika ishirini za kwenda dukani ni habari nyingine.

Karatasi ya mlezi iwe na nini?

Upande mmoja tu wa ukurasa, kwa mwandiko unaosomeka ukiwa umesimama na mtoto begani. Namba zenu zote mbili za simu, na namba ya mtu wa tatu anayeishi karibu. Namba ya dharura ya nchi mliyopo. Kituo cha afya mnachokitumia na mahali zilipo kadi za kliniki. Mzio wa kila mtoto, hata kama mlezi anasema anaujua. Dawa ya homa, ikiwa mmeiruhusu, iandikwe pamoja na kipimo cha kila mtoto kwa jina lake, kwa sababu kipimo cha mtoto huenda na uzito wake. Wadogo wawili wa nyumba moja hawapewi kijiko kile kile.

Baada ya hayo andikeni yale ambayo kitabu chochote cha malezi hakiyajui. Kwamba wa kati hulala akiwa ameshika sikio lake na asisumbuliwe. Kwamba mdogo akinyamaza ghafla, atafutwe. Kwamba kikombe cha kijani ni cha mkubwa na suala hilo halijadiliwi. Mistari hii mitatu itamsaidia mlezi kuliko ratiba ya saa kwa saa ambayo hakuna mtoto atakayeifuata.

Na andikeni jina la mtu anayeruhusiwa kuwachukua watoto. Kama hakuna, iandikwe kwamba hakuna.

Tuwaage, au tuondoke wakiwa wamelala?

Waageni. Kutoroka hurahisisha mambo kwa dakika kumi. Mtoto akishagundua kwamba watu wake hutoweka akigeuka kidogo, atakufuata hadi mlango wa choo wiki nzima.

Kuaga kuzuri ni kufupi. Chuchumaa macho yenu yalingane. Mwambie atakuwa na nani, na mtarudi lini kwa saa anayoielewa yeye: "Ukishaoga jioni utatusikia mlangoni." Kumwambia saa kumi na mbili hakumsaidii mtoto wa miaka mitatu. Kisha busu, funguo, mlango. Mkikumbuka mkiwa nje kwamba miwani ya jua imebaki mezani, ibaki huko huko. Anayerudi ndani hulipa kilio mara mbili, na cha pili huwa kirefu zaidi.

Basi twende wapi?

Wekeni mpaka wa muda badala ya mpaka wa umbali: mahali mnapoweza kufika kwa saa moja na nusu, na kurudi kwa muda huo huo hata kama kuna foleni. Siku ina saa chache kuliko inavyoonekana asubuhi. Toa kwenda na kurudi, toa kula, toa kupotea njia mara moja, kinachobaki ni kama saa tano. Zinatosha kwa kivutio kimoja kikubwa na kingine mtakachokutana nacho kwa bahati. Hazitoshi kwa vitano.

Chagueni kinachokuwa kigumu mkiwa na watoto: ngome yenye ngazi nyembamba, jumba la makumbusho la vitu vya vioo, njia ya porini isiyopitika kwa kigari cha mtoto, mtaa wa zamani wa kutembea polepole mkisoma vibao vya milangoni. Bustani ya wanyama iacheni. Mtaenda tu na watoto, na mkienda wawili mtatumia siku nzima mkisema, "Wangeipenda hii."

Tukifika tukakuta pamefungwa?

Hutokea sana kwa wasafiri wa ghafla, hasa makumbusho, ambayo mengi hufunga siku moja ya wiki. Katika nchi nyingi siku hiyo ni Jumatatu, ila msiichukulie kuwa kanuni: kule Paris, Musée d'Orsay hufunga Jumatatu ilhali Louvre, ng'ambo tu ya mto, hufunga Jumanne. Angalieni pia saa ya mwisho ya kuingia, ambayo huwa kabla ya saa ya kufunga. Simu moja ya dakika mbili mkiwa bado mezani asubuhi haiondoi ughafla wowote.

Mwenzangu anataka kuona kila kitu, mimi nachoka. Tufanyeje?

Anayechoka haigizi. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman, ofisa wa jumba la makumbusho ya sanaa la Boston, aliandika makala juu ya uchovu huu wa makumbusho, akaweka picha za mtu akiinama, akipinda shingo na kupiga magoti ili aone vitu vilivyopangwa vibaya ndani ya makabati. Kusimama, kutembea hatua mbili, kusimama tena, kusoma maandishi madogo: mwili huchoka kwa namna ambayo kutembea moja kwa moja hakuuchoshi.

Kwa hiyo pitieni vyumba vyote haraka bila kusoma chochote, kila mmoja achague vitu vitatu, halafu mrudi kwa hivyo sita tu na kukaa navyo. Mpenda yote anakuwa ameona yote, na mchovu anajua kuna mwisho. Hili linafanya kazi hata kwenye mji mzima, mkianza kwa kupanda mahali pa juu na kuutazama wote kwa pamoja.

Vinginevyo, achaneni kwa saa moja na mkutane langoni. Kutembea wawili si kufungwa kamba.

Tukiamua kupanda kilima, tujuaje kama tutawahi kurudi?

Iko kanuni ya mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, ya mwaka 1892, na bado inatumika: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 10 yenye mpando wa mita 600 ni saa tatu, bila kupumzika wala kupiga picha. Naismith aliwapigia hesabu watu wenye pumzi. Mzazi ambaye mazoezi yake ya mwaka huu yamekuwa kubeba mtoto ngazini aongeze theluthi. Na wekeni saa ya kugeuka ambayo haijadiliwi mkiwa juu, hata kilele kikionekana kiko pale pale.

Tuzungumze nini? Tukatazane kuzungumzia watoto?

Msikatazane. Mada iliyopigwa marufuku huwa ndiyo pekee inayokuja kichwani. Mtaanza na watoto, na ni sawa, kwa kuwa ndio mnaowajua wote wawili kuliko mtu mwingine yeyote duniani.

Nusu saa ya kwanza ndiyo ya ajabu. Mmezoea kuongea kwa vipande vya sentensi, mkikatizwa, mkimalizia kwa macho. Sasa hakuna anayekatiza, na mtu anafika mwisho wa sentensi yake akashtuka. Gari liko kimya. Kisha mmoja anapaza sauti, "Ona treni ile!", ananyoosha na kidole, halafu anakumbuka kwamba aliye karibu naye ni mtu mzima mwenye ndevu. Chekeni. Mazungumzo ya kweli mara nyingi huanzia hapo.

Ninachokiepuka kwa makusudi ni shughuli za uendeshaji wa nyumba: ada, fundi, nani ampeleke nani Jumanne. Hayo si kuzungumzia watoto, ni kikao. Likija lisilosubiri, liandikeni kwenye karatasi na muiweke mfukoni hadi kesho. Ulizeni badala yake mambo ya mwenzako ambayo hukuyauliza siku nyingi kwa kudhani unajua jibu. Kazi yake anaionaje siku hizi? Anaogopa nini mwaka huu? Watu hubadilika wakiwa ndani ya nyumba moja.

Tupige simu nyumbani mara ngapi?

Mara moja, mchana, na mpige kwa mlezi. Mtoto aliyekuwa akicheza vizuri anaweza kuangua kilio kwa kusikia sauti ya mama tu, nanyi mkaharibu mchana wa watu wawili na wa mlezi. Kubalianeni kabla kwamba mlezi akinyamaza ni salama, na kwamba jambo la dharura linapigiwa simu, haliandikwi ujumbe. Mmoja wenu awe na simu ya mlio wa juu, mwingine aizime yake. Mkibadilishana zamu katikati ya siku, kila mmoja anapata saa chache ambazo si yeye anayesikilizia.

Picha je?

Chache. Mwaka 2014 mtafiti Linda Henkel wa Marekani alichapisha majaribio yaliyofanyika katika jumba la makumbusho: washiriki walikumbuka vibaya zaidi vitu walivyovipiga picha kuliko vile walivyovitazama tu. Ila waliosogeza kamera hadi sehemu moja ndogo ya kitu hawakupata hasara hiyo. Basi acha ngome nzima, ambayo picha zake ziko tele kwenye intaneti. Piga kitasa cha mlango wake.

Na pigeni moja mkiwa wote wawili. Angalia simu yako: mna picha mia za watoto, na ya kwenu wawili ni ya lini?

Hatuna pesa ya matembezi.

Basi tumieni ya usafiri tu. Mlima hauna kiingilio, mitaa ya kale haina tiketi, na makumbusho mengi yana siku au saa za kuingia bure. Gharama kubwa ya siku hii kwa kawaida ni mlezi, na hiyo ndiyo inayoondolewa na kubadilishana zamu na familia nyingine.

Mvua ikinyesha?

Nendeni. Mtu asiye na mtoto wa kukausha anaweza kulowa.

Tukigombana njiani?

Inawezekana, hasa kwenye ramani na kwenye njaa. Msemaji wa njia awe mmoja kwa kwenda na mwingine kwa kurudi, na asiyesema njia hana haki ya kukosoa kona iliyopitwa. Kuleni kabla hamjawa na njaa. Kama ugomvi ni ule wa siku zote uliopanda gari pamoja nanyi, msijilazimishe kuumaliza leo kwa kuwa eti mmepata nafasi. Siku moja ya matembezi haina nguvu hizo, na mkiibebesha kazi ya kutengeneza ndoa mtarudi mmechoka kuliko mlivyotoka.

Tuwaletee watoto zawadi?

Kitu kidogo tu, au msilete. Zawadi kubwa inawaambia kwamba walikuwa wamedhulumiwa.

Tuliporudi mtoto alitupuuza, hakutaka hata kukumbatiwa. Tumemwumiza?

Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alijulikana kwa kuchunguza hasa kipengele hiki. Aliwaweka watoto wa karibu mwaka mmoja katika chumba kigeni chenye vitu vya kuchezea, mama akatoka kwa dakika chache na kurudi. Alichokitazama kwa makini zaidi ni namna mtoto anavyompokea mama, kuliko namna anavyolia akiachwa. Watoto walitofautiana sana, na waliolia kwa nguvu wengi wao walitulia haraka wakishabebwa.

Baada ya siku nzima, mtoto mzima wa afya anaweza kukukimbilia, kulia kwa hasira, au kuendelea kupanga vigari vyake kana kwamba hakuna aliyeingia. Jioni moja ya namna hiyo haithibitishi lolote. Usimfuate na maswali ya "hukunikumbuka?" wala usimnyanyue kwa nguvu. Kaa sakafuni karibu naye, nyamaza kidogo, chukua kigari kimoja. Wengi husogea wenyewe hadi kwenye paja bila kukutazama usoni. Usiku huo anaweza kuamka mara moja zaidi ya kawaida, na kesho akadeka. Mvumilieni.

Wakati mmoja wenu yuko sakafuni, mwingine amsikilize mlezi: wamekula nini, wamelala lini, nani ameanguka wapi. Kisha amtafutie usafiri wa kurudi kwake.